Tathmini ya hatari kwa uwanja wa kulenga visahani: kazi ya mashine ni safi, ramani irudiwe

Huduma tunayoikagua hapa inatolewa na washauri wa usalama kazini wenye ofisi Nairobi, na wateja wake ni wenye viwanja vya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwa bunduki ya marisau, yaani inayotoa punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Ukilipia, washauri wawili wanashinda uwanjani siku nzima, kisha unaletewa faili lenye jedwali la hatari, ramani, orodha ya ukaguzi wa kila asubuhi na utaratibu wa dharura. Faili tulilopitia liliandikiwa uwanja ulio upande wa Athi River. Jina la kampuni tunaliacha. Makosa yaliyomo yanajitokeza hata kwa washauri wengine, na mwenye uwanja atafaidika zaidi akijua pa kuyatafuta.

Kwanza sheria, kwa kuwa wengi hujitetea kwamba klabu si kiwanda. Wanaopakia visahani, mkata nyasi, refa anayelipwa kwa siku na mhudumu wa kantini wote wako kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye eneo la kazi afanye tathmini ya hatari, na kifungu cha 11 kinadai pia ukaguzi kamili angalau mara moja kila miezi 12, ufanywe na mshauri wa usalama na afya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Washauri hawa walilieleza hilo ukurasa wa kwanza, nasi tunawapongeza, maana kuna wanaomuuzia mteja karatasi moja wakimwambia imemaliza yote.

Sehemu bora ya faili ni ile ya mashine za kurushia visahani. Mashine ya aina hii inatumia betri ya volti 12. Mota inavuta springi, mkono wa kurushia kisahani unakaa umekazwa, na kitufe kikibonyezwa mkono unazunguka kwa kasi inayotosha kuvunja mfupa wa mkono wa mtu. Ajali nyingi huanzia kwenye dhana kwamba mashine ikizimwa imelala. Haijalala: nguvu yote bado imo ndani ya springi, na kugusa kidogo tu sehemu ya kufyatulia kunatosha kuuachia mkono.

Utaratibu walioandika ni sahihi, na mpangilio wake una sababu. Upigaji unasimamishwa, bunduki zote zinafunguliwa na kuwa tupu, bendera nyekundu inapandishwa. Anayehudumia mashine anaikaribia kwa nyuma, anazima mota, kisha anaufyatua mkono bila kisahani kwa kamba ya kuachilia. Mota isipozimwa kwanza, mkono ukishafyatuka mashine inaukaza tena yenyewe, na kazi yote imekuwa bure. Baada ya hapo ndipo waya wa betri unachomolewa. Rimoti inakaa mfukoni mwa huyohuyo aliyeingia kwenye kibanda cha mashine, wala haibaki na refa, kwa kuwa rimoti za redio zinaweza kubonyezwa na mtu aliye mbali asiyejua kwamba kuna mwenzake ndani. Walichora duara la mkono kwa rangi ya njano sakafuni mwa kila kibanda, na hicho ni kitu ambacho hata kibarua aliyeanza kazi leo anakielewa bila kusoma chochote.

Kwenye jedwali, hatari ya mkono wa mashine ilipewa 3 kwa uwezekano na 4 kwa ukubwa wa madhara, ukizidisha ni 12. Baada ya hatua za kinga ikawa 1 kwa 4. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: utaratibu mzuri unapunguza uwezekano, ila mkono ukimpata mtu madhara ni yaleyale. Kwenye mstari wa kelele, kwa bahati mbaya, wameshusha ukubwa wa madhara kutoka 4 hadi 2 kwa sababu tu mabango yamewekwa. Bango halilindi sikio. Alama hiyo irudishwe.

Na kelele yenyewe ilipimwa vibaya. Walichukua wastani wa saa 8, wakapata kiwango kilicho chini ya desibeli 90, wakaandika kwamba uwanja umetimiza kanuni. Kanuni za kelele kazini za 2005 zina mipaka miwili: desibeli 90 kwa wastani wa saa 8, na desibeli 140 kwa mlipuko wowote wa papo hapo. Mlio wa bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba) karibu na sikio la mpigaji unavuka 140, mara nyingi hadi 150 na zaidi. Mlio huo ni mfupi mno, kwa hiyo wastani unaumeza. Kipimo cha kawaida nacho hufika ukomo wake kabla ya kilele cha mlio. Dai kipimo cha kilele kwenye kizimba anamosimama mpigaji, kwa refa na mlangoni mwa kibanda cha mashine. Kizimba chenye paa la mabati kipimwe peke yake, maana mabati yanarudisha sauti chini.

Tatizo kubwa zaidi ni ramani. Eneo la kuangukia marisau limechorwa mstatili wa mita 275, umbali unaozoeleka Uingereza, bila hesabu yoyote ya hapa. Kanuni ya zamani ya wapigaji inasema kwamba punje ya duara ya madini ya risasi husafiri takriban mita 80 kwa kila milimita ya kipenyo chake, kwenye usawa wa bahari. Punje ya milimita 2.4 itafika kama mita 190. Athi River iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na Nairobi yenyewe ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo inaipunguzia punje kasi kidogo kuliko hewa ya pwani. Mita 190 zinakuwa kama 220. Bado uko ndani ya 275, ndiyo. Lakini mtu akija na katriji za kuwindia zenye punje za milimita 3.3, hesabu ya pwani inatoa mita 264, na ya huku inapita 300. Ongeza upepo unaosukuma kutoka nyuma, na punje zinazoshikamana na kuruka kama kipande kimoja, na huo mstatili hauna maana tena.

Kwa hiyo tunashauri mita 300 bila ubishi, pamoja na kanuni ya langoni: punje zisizidi milimita 2.6, ambao ndio ukomo wa mashindano ya kimataifa, na katriji zikaguliwe kabla mtu hajafika kizimbani. Umbo nalo libadilike. Kila kizimba kina eneo lake linalotanuka kulia na kushoto kadiri unavyokwenda mbele, kwa kufuata kisahani cha pembeni kabisa anachoweza kukifuatilia mpigaji aliyechelewa. Ukiyaweka maeneo yote juu ya ramani moja, utakuta kingo zinatoka nje ya ule mstatili. Katika uwanja huu, kona ya kaskazini magharibi inagusa njia ya mkato ya bodaboda. Washauri walipita hapo kwa gari na hawakuiandika.

Mifugo iliandikwa mstari mmoja tu: “ng'ombe wasiingie”. Haitoshi. Kiangazi kikikaza, wachungaji hufuata nyasi popote zilipo, na seng'enge ya nyuzi tatu haiwazuii. Hatari haiishii kwenye kupigwa. Katriji moja ya gramu 28 inaacha gramu 28 za madini ya risasi ardhini, hivyo katriji 10,000 ni kilo 280. Nyasi zilizokatwa hapo na kuuzwa kama lishe zinaweza kubeba punje hadi kwenye zizi la mtu mwingine kabisa, na ng'ombe akizimeza anaweza kufa. Mkataba wowote wa kukata nyasi ndani ya eneo la marisau uvunjwe. Kwa wafanyakazi, maji na sabuni viwekwe kabla ya mlango wa kantini, na anayeokota maganda ya katriji asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa.

Upande wa bunduki faili liko vizuri, hasa kwa geji 20 na geji 12 kutumika uwanja mmoja. Katriji ya geji 20, ambayo kwa kawaida ganda lake ni la njano, ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa geji 12 inateleza mbele na kukwama pale mtutu unapobana. Mpigaji anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kupakia. Anaweka ya geji 12 nyuma yake na kupiga. Mtutu unapasuka karibu na mkono unaoshikilia mbele. Kinga waliyoandika ni ya moja kwa moja: geji mbili zisikae mfuko mmoja, na anayebadilisha bunduki anamwaga mifuko yote mezani kwanza. Wameongeza pia kwamba mlio ukitoka dhaifu, bunduki inafunguliwa, inatolewa katriji, na mtutu unachunguliwa kutoka upande wa chemba kabla ya kupakia tena, kwa sababu kizibo cha ndani ya katriji huenda kimebaki mtutuni. Na katriji isipolipuka, mtutu unabaki umeelekea uwanjani kwa sekunde 30.

Kitu kilichotufurahisha ni udongo. Udongo mweusi wa huku unavimba mvua za Aprili zikinyesha na kupasuka jua likikaza, na msingi wa mashine unainama nao. Mashine ikiinama kidogo, kisahani kinatoka chini zaidi au kinapindia upande wa watazamaji. Wameagiza pima maji iwekwe juu ya kila mashine mara moja kwa wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Uelekeo wa jua waliuacha, ingawa hapa karibu na ikweta jua la jioni linashuka magharibi mwaka mzima. Vizimba viwili vinavyotazama magharibi vifungwe kuanzia saa kumi alasiri.

Utaratibu wa dharura unahitaji kuongezwa nyama. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na mikanda ya kukaza ya kuzuia damu na watu waliofunzwa kuitumia. Msongamano wa Mombasa Road unaweza kuichelewesha ambulensi, basi aamuliwe mapema nani anasimama barabarani kuielekeza na gari gani la klabu linabaki tupu kwa ajili ya majeruhi.

Je, ulipie? Ndiyo, kwa mashine na bunduki peke yake inastahili. Ila kabla ya kusaini, iandikwe kwenye mkataba kwamba watakuja siku ya mashindano, watapima kilele cha kelele, na watatembea kwa miguu mzunguko wote wa eneo la marisau wakiwa na hesabu ya mwinuko wa hapo. Ziara ya pili wanaitoza kando, nayo utaihitaji kila unapohamisha mashine, hata kwa mita chache, kwa kuwa eneo la kila kizimba linachorwa upya.