Kupima unyunyu kabla hujanunua chupa: kipi kianze, kipi kiwe cha mwisho

Kama unatafuta unyunyu mpya, yaani pafyumu, usikimbilie chupa ya mil 100, kwanza pata kidogo ukivae. Mimi njia za kupima nazipanga hivi.

Namba moja ni dekanti ya mil 5, yaani muuzaji anatoa kwenye chupa orijino anakuwekea kwenye kichupa cha kupuliza. Mpulizo mmoja unakula kama mil 0.1, kwa hiyo una mipulizo kama 50, hapo unakwenda nayo kazini, kwenye mwendokasi wa jioni watu wamebanana, na usiku kwenye harusi, mpaka unaijua kabisa. Shida ni feki, nunua kwa mtu anayekumiminia huku unaona.

Namba mbili ni vichupa vya sampuli vya kampuni yenyewe, mil 1.5 au 2. Ukivipata chukua, ila vinaisha haraka.

Namba tatu testa ya dukani, ile chupa ya kujaribia, na hapa ndo watu wengi wanakosea jamani. Kile kikaratasi wanachokupulizia unuse ni cha kuchujia tu zile ambazo huzitaki kabisa, zikibaki mbili weka moja kila mkono, usisugue, halafu ondoka, usilipe siku hiyo. Zile dakika 15 za mwanzo unanusa ndimu, bergamoti, vitu vyepesi vinavyoruka haraka, wakati utakachoishi nacho ni vanila, sandali, udi, miski, na hivyo vinakuja baadaye. Chukua mfano pafyumu ya Club de Nuit Intense Man ya Armaf, mwanzo ndimu kali mpaka mtu anakunja sura, subiri kama nusu saa inatulia inakuja na kamoshi kazuri sana. Khamrah ya Lattafa ni kinyume chake, mdalasini na tende, dukani kwenye kiyoyozi utaipenda papo hapo, sasa toka nayo Kariakoo saa saba mchana mwezi wa kwanza, jasho linakutoka, ule utamu unakukaba mpaka unatamani kunawa. Usiku mpulizo mmoja tu, tamu mno. Pafyumu ni ileile, joto ndo limebadilika, kwa hiyo pima kwenye joto lako.

Halafu pua inachoka, ukishanusa tatu nne acha. Zile punje za kahawa wanazokupa unuse hazina maajabu, toka nje uvute hewa. Na usiseme haikai kwa sababu wewe huisikii tena, pua inaizoea, muulize mwenzako masaa manne baada ya kujipulizia.

Namba nne uturi, yale mafuta ya manukato unayopimiwa kidogo kidogo. Mimi nayapenda, hayana spiriti na yanakaa karibu na ngozi, lakini yale mafuta yaliyopewa jina la pafyumu fulani maarufu sio kipimo cha hiyo pafyumu, ukiyapenda nunua hayohayo mafuta.

Mwisho kabisa ni kununua chupa nzima kwa riviu ya TikTok. Yule yuko London kwenye baridi na koti, ngozi yake sio yako, na chupa ikishafunguliwa dukani hawairudishi. Kama hamna sampuli kabisa, ulizia saizi ya mil 30, bei kwa mil inakuwa juu kidogo ila ukiichoka hujapoteza hela nyingi.