Shahada ya uandishi wa habari: SJMC, SAUT, au uanze na diploma?

Kwa Tanzania, majina mawili hutajwa kabla ya mengine: Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma (SJMC) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), iliyoko Mikocheni, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza. Vyote vina mizizi mirefu kuliko shahada zake. SJMC ilitokana na Tanzania School of Journalism (TSJ), chuo cha serikali kilichoanza mwaka 1975 na kuingizwa UDSM mwaka 2003. SAUT ilichipuka kutoka chuo cha Nyegezi cha miaka ya 1960, ikawa chuo kikuu mwaka 1998.

Kinachovipa vyote viwili alama nzuri kwetu ni redio. UDSM ina Mlimani Redio, 106.5 FM, pamoja na televisheni yake, na SAUT ina Redio SAUT, 96.1 FM. Mwanafunzi ambaye kazi yake inarushwa hewani hujifunza mambo ambayo mtihani wa darasani haumpi: taarifa ya saa saba haisubiri, jina likikosewa msikilizaji anapiga simu, na mhariri anakata sentensi uliyoipenda. Kabla ya kuomba, sikiliza taarifa zao za habari wiki nzima. Hesabu ni ngapi zina sauti ya mtu aliyehojiwa na ngapi zimesomwa tu kutoka kwenye tamko la ofisi fulani.

Tofauti kubwa iko kwenye jina la programu. SJMC inatenganisha uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma na matangazo. SAUT inajulikana zaidi kwa mawasiliano ya umma, ambayo ni pana. Anayetaka kuwa ripota asidanganywe na jina. Aombe orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Nadharia za mawasiliano zikiwa nne na uandishi wa habari za redio na televisheni ukiwa somo moja la muhula mmoja, hapo utatoka ukijua kuandika insha.

Dar ina faida ya fildi (mafunzo kwa vitendo kazini), maana vyombo vikubwa vya habari viko palepale, lakini chumba na daladala vitakula bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) lote. Mwanza ina nafuu ya maisha, na habari za ziwa, samaki na madini haziko mbali.

Chuo chochote, uliza kuhusu vifaa kwa namba. Kuoneshwa studio hakutoshi, maana vyuo vingi vina studio safi ya kupokelea wageni. Chukua darasa la watu 60 lenye kamera nne: ni watu 15 kwa kamera, na kipindi cha saa tatu kinampa kila mmoja dakika 12. Muda huo haumtoshi hata kufunga tripodi, kupima mwanga na kurekodi mahojiano. Angalia ratiba iliyobandikwa mlangoni kwa studio, kisha daftari la kuazima vifaa. Daftari likiwa jipya kabisa katikati ya muhula, vifaa havitoki kabatini. Gusa waya wa maiki pale unapoingia kwenye plagi. Ulioshikwa na wanafunzi huwa umelegea au umefungwa utepe, na hiyo ni dalili njema. Mwisho, mwombe mwanafunzi wa mwaka wa tatu akuoneshe pakeji (habari kamili yenye picha na sauti) moja ya dakika mbili aliyoirekodi na kuiediti mwenyewe. Akikosa, umepata jibu.

Uliza pia somo la sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilirekebishwa mwaka 2023, na mhadhiri anayefundisha kwa nakala ya zamani peke yake anawapeleka vijana kazini na sheria iliyopitwa na wakati.

Udahili una mitego yake. Wa kidato cha sita anahitaji angalau principal pass (ufaulu wa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, ila programu inaweza kudai zaidi au kutaja masomo fulani. Mwenye diploma kwa kawaida anahitaji GPA ya 3.0. Maombi yanatumwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa vyuo viwili, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Wengi hupoteza nafasi hapa kwa sababu waliomba kwa laini ya steshenari. Tumia namba yako.

Matokeo yakiwa hafifu, diploma si aibu. Kanuni za Sheria ya Huduma za Habari zinaitambua kama kiwango cha chini cha kupata ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, na vyuo vya kati, Dar es Salaam School of Journalism (DSJ) kikiwemo, vinakuchukua kutoka cheti cha awali (NTA 4) hadi diploma (NTA 6). Hapo thibitisha usajili kwenye tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na uangalie programu yenyewe, si chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi unayouziwa haimo kwenye orodha. Kwa shahada, orodha ya kuangalia ni ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Ada ya maombi usiilipe kabla ya kuiona kozi hiyo kwa jina lake kamili.