Taa za injini kwa modeli za vyombo vya anga: kipi ununue Malindi, kipi uache dukani

Ukiingia duka la spea mjini Malindi ukaomba taa ya injini ya roketi, yaani ya kutia ndani ya modeli ing'ae kama moto, utaangaliwa juu hadi chini. Sema unataka taa ya tuktuk, utahudumiwa mara moja. Ajabu ni kwamba Ngomeni iko hapo juu tu, na Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini, tangu 1967 hadi 1988. Lakini mtu mzima akiunganisha roketi ya plastiki sebuleni, majirani wanacheka.

Swali ninaloulizwa sana ni taa ipi kali zaidi. Ukali kamuulize mvuvi wa karabai. Wewe pima upana wa mdomo wa injini yako, kisha ujue moto wake ni wa rangi gani. Mdomo wa injini ya F-1 ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ulikuwa na upana wa takriban mita 3.7, kwenye modeli ya 1:144, yaani ndogo mara 144, unabaki milimita 26 hivi, na injini ziko tano. Scout, roketi iliyorushwa hapa kwetu, ilikuwa na unene wa mita moja tu. Ukiitengeneza kwa kipimo cha 1:48, kitako chake chote ni sentimita mbili. Humo taa ya tuktuk haiingii hata kwa dua.

Rangi nayo inatokana na mafuta. F-1 ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, kwa hiyo moto wake ni wa njano na machungwa, ukoo mmoja na kibatari cha bibi. Scout ilitumia mafuta makavu, moto mweupe wenye unjano. Injini kuu tatu za space shuttle, chombo cha Wamarekani kilichoenda anga na kurudi, zilichoma haidrojeni, moto wake ni buluu iliyofifia ambayo mchana huioni vizuri. Injini za ayoni, zinazosukuma kwa umeme na gesi ya zenoni badala ya kuchoma mafuta, ndizo buluu kweli. Kama chombo ni cha kubuni, rangi ni yako, ila buluu imezidi. Kila kijana anaweka buluu.

Namba moja kwangu, na sioni kitakachoiondoa karibuni, ni LED za kawaida za mojamoja, za milimita 3 au 5. Mafundi wa redio wanazo, bei yake ni ya kaimati. Zinaingia tundu lolote, hazichemki, na ikiungua moja unabadilisha hiyohiyo. Kasoro yake ni kwamba lazima ulehemu. Kama huna pasi ya kulehemu, kaa na fundi simu nusu saa ukiwa na soda ya kumpa.

Nenda dukani na betri ya kidonge ya CR2032 mfukoni. LED zenye kichwa cheupe kama maji zote zinafanana zikiwa zimezimwa. Niliwahi kuuziwa ishirini za machungwa, nikafika nyumbani tano ni nyekundu. Siku hizi nabana kila moja kwenye betri palepale kaunta, mguu mrefu upande wa chanya, nione rangi. Muuzaji akinuna, shauri yake.

Umeme chukua kwa chaja ya simu, volti 5. LED ya njano au nyekundu inataka kama volti 2, nyeupe na buluu zinataka 3 na ushei. Kinachobaki kinamezwa na rezista, kidude cha kuzuia umeme usizidi, chenye mistari ya rangi inayotaja kipimo chake: omu 150 kwa njano (kahawia, kijani, kahawia), omu 100 kwa nyeupe (kahawia, nyeusi, kahawia). Hapo unapata karibu miliampea 20. Mimi hupandisha rezista hadi omu 330, maana kwenye rafu mwanga mpole unapendeza kuliko mwanga wa kuumiza macho. Kila LED na rezista yake; ukizifunga tano kwa rezista moja, moja itanyonya kuliko wenzake.

Namba mbili utaipata maduka ya mapambo ya harusi: taa za uzi wa shaba, vijitaa vidogo kama punje za mchele, zinazowaka kwa betri mbili. Hakuna kulehemu. Unakunja vijitaa vitatu au vinne ndani ya mdomo wa injini, unafunika na kiduara ulichokata kwenye jagi jeupe la maziwa, basi. Kwa mtoto au anayeanza, hizi zinaweza hata kuwa za kwanza. Rangi tu ndizo chache.

Dukani humohumo kuna namba tatu, mishumaa ya betri. Ivunje, utoe LED yake: inachezacheza yenyewe kama moto, kwa sababu kidude cha kuichezesha kimo ndani ya kichwa chake. Kwa injini ya mafuta ya taa hakuna inayoishinda. Lakini kwa injini ya ayoni itaonekana kama chombo kinakata roho. Betri zake za kidonge ziweke mbali na watoto wadogo. Zikimezwa zinachoma koo.

Mkanda wa LED, ule unaozungushwa kwenye tuktuk, nauweka namba nne. Unataka volti 12, na ule wa taa 60 kwa mita unakatwa kila baada ya taa tatu, yaani sentimita 5. Unafaa chombo kikubwa cha kubuni chenye injini pana kama mlango wa jahazi, kwingine unakusumbua bure. Zile duara za taa za mbele za pikipiki ni hivyohivyo, na zinapata joto.

Kichwa cha tochi usinunue. Nilitia kimoja kwenye chombo cha mpwa wangu, na baada ya robo saa mdomo wa injini ulikuwa umelegea kama ubani kwenye chetezo.

Ukishachagua, paka ndani ya plastiki rangi nyeusi kwanza, la sivyo ubavu wote wa roketi utawaka kama taa ya kusomea. Kila kiungo ulicholehemu kipake rangi ya kucha isiyo na rangi. Chumvi ya hewa yetu inageuza shaba kijani. Na stima ikikatika usikimbilie pawabenki kabla hujaijaribu: nyingi zikiona LED tano zinavuta miliampea 100 tu, zinadhani hakuna kitu kimechomekwa, zinajizima.