Kijitabu cha tuliosoma shule ya Marafiki: habari tamu, vyeo vimezidi

Kama ulisoma shule ya Marafiki, lile dhehebu la Kikristo liitwalo pia Quakers, kule magharibi mwa Kenya na sasa maisha yamekutupa mbali, hiki kijitabu kinunue, ila uwe na subira nacho. Mimi nimeolewa Kigoma, nanunua na kuuza dagaa pale Kibirizi, na nimekisoma mpaka jalada la nyuma siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa hawaingii ziwani na sisi wanunuzi hatuna cha kugombania ufukweni. Jina la shule naliweka pembeni. Nina manung'uniko, na mhariri ni mtu wa kwetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Kinauzwa shilingi 500 za Kenya, unalipa kwa simu. Gharama ya kukileta kwa mabasi kupitia Mwanza imezidi bei yake, kwa hiyo mlio mbali agizeni kwa pamoja. Jalada ni gumu, linang'aa, na pini za stepla zimeshika kwelikweli. Nasema hivyo kwa sababu kimepita mikononi mwa wanangu, kisha kikamwagikiwa mawese jikoni. Jalada nililifuta kwa kitambaa likarudi kama jipya. Kurasa za ndani zilishakunywa mafuta, na sasa waliomaliza mwaka mmoja kabla yetu wote wana rangi ya machungwa. Picha ndizo zimeniudhi. Wino umekolezwa mno, sisi wenye weusi wetu wa asili tumebaki meno na kola za shati. Mwenzangu wa bweni nimemtambua kwa kusimama kwake tu, mguu mmoja mbele, mkono kiunoni, vilevile kama alivyokuwa akipanga foleni ya uji.

Utamu uko katikati, kwenye habari za watu zilizopangwa kwa mwaka wa kumaliza. Mistari miwili, mitatu, basi. Fulani kastaafu ualimu, anafuga nyuki. Fulani kapata digrii yake akiwa na wajukuu. Mmoja kafungua karakana ya kuchomelea vyuma Webuye, ana vijana wanne anaowafundisha kazi, wawili wasichana. Hiyo ya wasichana nimeisoma kwa sauti, baba watoto akaniuliza nacheka nini. Halafu nikafika kwa binti tuliyeketi naye dawati moja: mkunga, yuko Kasulu. Kasulu hii hii! Huko ndiko ninakopita nikifuata maharage, na siku hizi ni lami. Nikaomba namba kwa mhariri, nikapiga. Hakusalimia hata. "Wee mama, miaka yote hii uko Kigoma unanikwepa?" Kwa simu hiyo moja, pesa yangu imerudi.

Sasa manung'uniko. Kurasa za mwanzo wamepewa wakubwa. Kila mmoja ukurasa mzima, picha amevaa tai shingoni, na vyeo vimepangwa mbele ya jina, Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi, mpaka jina lenyewe limesukumwa mstari wa pili. Mafanikio yao siyapingi. Kuna aliyejenga madaraja, na maelezo ya madaraja hayo yangenoga kama yangeachiwa nafasi. Badala yake tunaambiwa amekaa kwenye bodi zipi. Na mimi niliyetuma mistari sita kuhusu dagaa wa Tanganyika, namna wanavyoanikwa, namna magunia yanavyovuka kwenda Kongo, nimeandikwa hivi: "Yuko Tanzania. Biashara."

Ingekuwa shule nyingine ningenyamaza. Lakini hawa ni Marafiki, na mwalimu wetu wa dini alitufundisha wenyewe kwamba Marafiki wa kwanza kule Uingereza, enzi za mwanzilishi wao George Fox, walikataa kumwita mtu kwa cheo na kumvulia kofia mkubwa yeyote. Mwaka 1670 mmoja wao, William Penn, alipigwa faini mahakamani London kwa sababu ya kofia. Tena kofia yenyewe alikuwa ameshavuliwa mlangoni, mahakama ikaamuru avalishwe tena, kisha ikamtoza faini kwa kuivaa! Darasa zima tulicheka. Watu waliotozwa faini ili wasimwinamie mtu, wajukuu zao wa shule leo wanachapa "Mhe. Dkt." kwa herufi nene.

Ukurasa wa waliotangulia mbele ya haki umeandikwa inavyopaswa, na sijui kwa nini mhariri hakuufuata kote. Jina tupu, miaka aliyokaa shuleni, kitu kimoja anachokumbukwa nacho, watoto aliowaacha. Yumo aliyekuwa mpishi wetu, ambaye hata hakuwa mwanafunzi, na yumo mtu aliyewahi kuwa na gari la serikali na dereva, wote nafasi sawa. Mpishi anakumbukwa kwa kuwafichia ukoko wa ugali waliochelewa kutoka mechi. Ni kweli, nilishaula.

Jalada la nyuma lina habari za Marafiki wa duniani. Limetaja Nobel ya amani waliyopewa Marafiki wa Uingereza na Marekani mwaka 1947, na limemtaja Philip Noel-Baker, aliyesoma shule ya Marafiki ya Bootham huko York, akapata medali ya fedha ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya 1920, na Nobel yake mwenyewe mwaka 1959. Safi. Ila ya jirani wameyaruka. Huku Kigoma nikisema nimelelewa na Marafiki, wanaonielewa upesi ni Warundi, maana Arthur Chilson, mmoja wa wale Wamarekani watatu waliofungua misheni ya Kaimosi, kwetu magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, ndiye aliyekuja kuanzisha misheni ya Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Hilo lilistahili nusu ukurasa kuliko hizo bodi.

Nyota tatu kati ya tano: mbili za habari za katikati, moja ya ukurasa wa marehemu. Toleo lijalo nalinunua, na mistari yangu nimeshaituma upya, bila cheo, nikamwambia mhariri akibanwa na nafasi akate popote ila si hapa: "Ananunua dagaa Kibirizi giza la mwezi likiingia. Mwenye kupita Kigoma aulize kwa Mama wa Kenya, atakula mgebuka."