Mpango wa Ukame kwa Wafugaji: Tathmini Baada ya Kiangazi Kizima

Huduma ninayoitathmini hapa ina sehemu nne: kijitabu cha mwongozo, kikokotozi cha malisho kinachotumika kwenye simu, ujumbe mfupi wa kila siku kumi kuhusu hali ya uoto, na namba ya kumpigia mshauri wa mifugo. Nimeitumia kwa kundi la ng'ombe 20 tangu nyasi zilipoanza kugeuka rangi hadi mvua iliporudi. Nimeona kwamba ukurasa mmoja wa kijitabu, wenye jedwali la tarehe na ambao mtu angeweza kuuruka bila kujua amekosa nini, ndio ulioniokoa, ilhali kikokotozi, ambacho ndicho kinachotangazwa zaidi, nusura kinitie hasarani.

Nianze na huo ukurasa. Jedwali linamtaka mfugaji aandike, wakati malisho bado yapo na akili imetulia, tarehe tatu au nne, na mbele ya kila tarehe jambo atakalolifanya ikiwa mvua haitakuwa imenyesha kufikia siku hiyo: kuuza maksai na majike wazee, kuachisha ndama kunyonya mapema, kufunga sehemu ya malisho, kuanza kulishia zizini. Ni jambo jepesi kulieleza na gumu kulitenda, kwa kuwa kila mfugaji hujiambia kwamba wiki ijayo huenda ikanyesha, na wiki hiyo ikipita hujiambia tena, mpaka siku anapoamua kuuza anakuta mnyama amebaki mifupa na wenzake wote wamefika sokoni na wa kwao. Tarehe yangu ya kwanza ilipowadia, mawingu yalikuwa yametanda na nilitamani sana kulifuta jedwali. Sikulifuta, niliuza wanne, yaani maksai wawili, jike mmoja aliyekosa kushika mimba misimu miwili mfululizo, na kikongwe mmoja aliyeishiwa meno. Mawingu yale yalitawanyika jioni ileile.

Hesabu ya uamuzi huo inaeleweka. Ng'ombe wa kilo 300 akila asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, anahitaji kilo 7.5 za malisho kwa uzito mkavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakiondolewa. Wanne walioondoka walipunguza mahitaji kwa kilo 30 kila siku, ambazo kwa siku 120 ni kilo 3,600 zilizobaki kwa ajili ya majike wenye mimba.

Hapo ndipo tunapokifikia kikokotozi. Upande wa mahitaji hakina kasoro: unaingiza idadi ya wanyama, uzito wao na siku unazotarajia kulisha, nacho kinakupa jibu sahihi. Tatizo liko upande wa akiba. Kinauliza una kilo ngapi za malisho, kisha kinazijumlisha zote kana kwamba kilo ya nyasi kavu na kilo ya saileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa na kuvundikwa pasipo hewa, ni kitu kimoja. Nyasi zilizokaushwa vizuri hubaki na maji kidogo tu, kiasi cha asilimia 10 hadi 15, lakini saileji kwa kawaida ni maji kwa theluthi mbili. Nilikuwa na tani 6 za saileji, na kikokotozi kilizihesabu zote kuwa chakula kikavu. Nilipoingiwa na shaka nilichukua gramu 100, nikazikausha juu ya moto mdogo huku nikizigeuza zisiungue, nikazipima tena na tena mpaka uzito ulipoacha kushuka. Zilibaki gramu 34. Maana yake ni kwamba karibu tani 4 za akiba yangu zilikuwa maji, na kwa ng'ombe 16 wanaokula kilo 120 kwa siku, huo ni mwezi mzima na ushei wa chakula ambacho hakikuwapo. Aidha, kikokotozi hakiweki hata kilo moja ya upotevu, ingawa yeyote aliyewahi kumwaga nyasi chini zizini ameona jinsi ng'ombe wanavyozikanyaga, kuzilalia na kuzikojolea kabla hawajamaliza kula. Niliwaandikia wahusika kuhusu mambo haya mawili. Nilijibiwa kwa adabu, na hadi kiangazi kinakwisha hakuna kilichobadilika.

Ujumbe wa hali ya uoto una manufaa ya wastani. Unatokana na vipimo vya setilaiti vinavyolinganisha mwanga mwekundu na ule usioonekana unaorudishwa na majani mabichi, kwa hiyo unaonyesha mapema eneo linalokauka kuliko kawaida ya majira yake. Hata hivyo, setilaiti haijui ng'ombe anakula nini. Mara mbili niliambiwa hali ni nzuri, na ni kweli palikuwa na kijani, lakini kilikuwa kijani cha vichaka vya miiba.

Sehemu ya kijitabu ya kupima hali ya mwili, yaani jinsi ng'ombe alivyokonda au kunenepa, kwa alama 1 hadi 5, imeandikwa vizuri, hasa pale inaposisitiza kwamba mkono uguse mbavu fupi za kiunoni na shina la mkia badala ya kuliamini jicho, maana manyoya marefu huficha mengi. Picha zote, kwa bahati mbaya, ni za ng'ombe wasio na nundu, na hakuna sentensi inayomwongoza mwenye ng'ombe wa nundu. Sura ya maji inatosha.

Ninachokilalamikia zaidi katika kijitabu ni mahali yalipowekwa maonyo. Mtama uliodumaa kwa ukame, na hasa machipukizi yake baada ya mvua ndogo, unaweza kuwa na sumu ya sianidi inayomuua ng'ombe kwa muda mfupi. Nafaka ikianzishwa ghafla badala ya kuongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi, tumbo hujaa asidi na mnyama anaweza kufa. Haya yamewekwa kwenye kiambatisho cha mwisho, kwa herufi ndogo, wakati kurasa za mbele zimejaa picha za mabirika. Mimi niliyajua ya mtama kupitia simu. Mshauri, kabla ya kunijibu iwapo niwaingize ng'ombe shambani, aliniuliza mtama una urefu gani, ulinyeshewa lini mara ya mwisho, na ng'ombe wameshakula nini asubuhi hiyo. Aliposikia majibu alinikataza bila kusitasita. Simu hiyo moja ina thamani kuliko kikokotozi chote.

Pengo kubwa zaidi ni kwamba mpango wenyewe unakoma siku mvua inaponyesha. Kipindi kinachofuata kimepewa nusu ukurasa, ingawa ndipo ng'ombe wanapozunguka kutwa wakifukuza nyasi changa zenye maji mengi na lishe isiyowashibisha, wakaendelea kukonda huku mizizi ya malisho ikimalizwa. Ilinibidi nijiandikie mwenyewe tarehe ya tano chini ya jedwali, siku 21 baada ya mvua ya kwanza ya maana, na mpaka siku hiyo lango la malisho lilibaki limefungwa na saileji iliyosalia ikaendelea kutolewa zizini. Kwa mwenye kundi dogo au la kati ningemshauri aichukue huduma hii, ajaze jedwali la tarehe siku hiyohiyo, aihifadhi namba ya mshauri, na hesabu ya akiba aifanye kwa mizani yake mwenyewe.