Filimbi isiyolia: uzoefu wangu na kikopo cha dharura

Jamani, naandika haya nikiwa bado na hasira. Atakayeona nimezidisha namwomba ajiweke mahali pangu: saa nane za usiku, giza totoro, umesimama juu ya kitanda, mtoto begani, maji yameshafika kwenye godoro, unapuliza filimbi kwa nguvu zako zote, inatoka pumzi tu. Fyuuu. Basi.

Kitu chenyewe ni kile kikopo cha bati cha kujiokolea, kidogo, kinaingia kwenye mkoba wa mkononi. Ndani wamepanga vitu vya kukufaa ukipatwa na janga. Sitavitaja kimoja kimoja, vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mfuniko na anayevitaka atavisoma. Nilikinunua Kariakoo kwa 35,000, baada ya kubembeleza sana kutoka 45,000. Kwa fundi cherehani kama mimi hiyo ni hela ya magauni mawili.

Kwa nini nikanunua? Kwa sababu ya lile ghorofa lililodondoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Mimi vitambaa vyangu nachukua Kariakoo, mitaa ile naipita kila wiki. Siku zile watu tulisimama barabarani tunasubiri habari, na jambo lililoniingia moyoni ni hili: waliokuwa hai chini ya kifusi walisikika. Kwa kuwa walisikika, walipitishiwa maji na hewa kule chini, na waokoaji wakajua wachimbe upande gani. Nikajiambia, siku yangu ikifika nataka nami nisikike. Sauti ya mtu inakauka haraka, lakini filimbi hata ukiwa hoi unaweza kuipuliza. Kwa hiyo kopo lile lote, kwangu mimi, lilikuwa ni filimbi. Vingine niliviona nyongeza.

Kijana wa dukani alinifungulia, akanionyesha dira, msumeno wa waya, ndoano na mshipi, kiwashio cha cheche, na lile blanketi la karatasi inayong'aa kama fedha. Akaniambia blanketi hilo ni kazi ya NASA, Wamarekani wa mambo ya anga, miaka ya 1960. Hilo ni kweli, lakini wakati ule nilimwona ananipotezea muda, maana joto la Dar es Salaam mnalijua, blanketi la nini? Nikachukua filimbi nitie mdomoni. Akanizuia. "Dada, hiyo haijaribiwi, ni kitu cha mdomo, akija mteja mwingine hataitaka." Nikaona ana hoja, usafi ni usafi. Nikalipa, nikaondoka.

Naishi Kigogo, upande wa bondeni. Nyumba za wapangaji, chumba kimoja, dirisha moja lenye nondo, mlango unafunguka kwa nje. Mto Msimbazi ukijaa sisi ndio wa kwanza kujua. Ilikuwa masika, sikumbuki vizuri kama ni kabla ya Pasaka au wiki ile baada yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, simu yangu ikazima chaji mapema. Mvua ilipiga tangu jioni na mimi nikalala, maana mvua za hivyo tumezizoea. Nilichoshtukia ni ndala zangu zinagonga mguu wa kitanda. Zinaelea.

Nikasukuma mlango, haufunguki. Maji ya ukumbini yanausukuma kwa ndani na mbao zimevimba. Nikapiga kelele. Sasa mtu ambaye hajalala chini ya bati wakati wa mvua kubwa hawezi kuelewa: unapiga kelele na wewe mwenyewe huisikii sauti yako. Jirani ukuta kwa ukuta hakusikii. Ndiyo maana nilinunua filimbi! Nikapapasa juu ya kabati, nikapata kopo, nikalifungua kwa meno kwa sababu mkono mmoja nimemshika mwanangu. Filimbi ikadondoka kwenye maji. Nikainama, nikaipata, maana ile ya plastiki inaelea, hilo nalisifu. Nikaikung'uta. Nikapuliza.

Hakuna kitu.

Nikaikung'uta tena, nikaipuliza upande upande, nikaigonga kwenye ukuta, nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Pumzi na mate. Mwanangu, yuko darasa la tatu, akaniuliza sikioni, "Mama, mbona hailii?" Swali hilo ninalo mpaka leo. Nilimnunulia kitu akiona mama yake analipa, nikamwambia hiki ndicho kitakachotuokoa, halafu mbele ya macho yake kikagoma.

Kilichotuokoa ni sufuria. Sufuria ya ugali na mwiko wa chuma wa kukorogea mchuzi. Nikagonga kwenye nondo za dirisha, mara tatu, nikatulia, mara tatu, nikatulia. Hiyo ya mara tatu niliisoma kwenye kile kijikaratasi cha ndani ya kopo: ishara tatu zinazorudiwa, ziwe za filimbi, za taa au za kugonga, zinajulikana sehemu nyingi duniani kuwa ni mtu anaomba msaada. Nisiwe mchoyo wa haki, kijikaratasi kile kilinifaa kuliko filimbi. Kugonga ovyo kungechanganyika na vyombo vilivyokuwa vinagongana ndani ya maji. Tatu tatu haikuchanganyika na kitu. Vijana wa mtaani waliokuwa wanamtoa bibi wa chumba cha mwisho wakasikia, wakaja na nondo, wakabandua mlango. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa.

Asubuhi niliichukua ile filimbi nikaikalia kama ninavyokalia cherehani iliyogoma. Nikaichungulia juani. Ndani ina kidude cha mviringo, ukubwa wa punje ya choroko, ndicho kinachotakiwa kucheza ili filimbi ilie. Kilikuwa kimebanwa kwenye kona, na pale kwenye kona plastiki ina ukingo uliobaki wakati wa kutengenezwa, kama uzi ambao fundi mzembe hakuukata. Punje ikilowa inanata pale. Nikaichokoa kwa sindano, ikatoka. Nikapuliza, ikalia vizuri kabisa. Nikaitia kwenye kikombe cha maji, nikapuliza, kimya. Nikairudia mara tano au sita, nayo ikanijibu vilevile. Yaani ni filimbi ya kuokolea watu isiyotaka maji, inauzwa kwenye mji wenye masika na vuli, mji ambao Jangwani barabara inafungwa kila mvua ikizidi.

Nikarudi dukani. Nilikwenda kwa upole, nawaambieni ukweli. Sikutaka hela yote, nilitaka wanibadilishie filimbi au waniambie wamepata wapi mzigo huo ili nyingine zikaguliwe. Kijana yuleyule. Nikamweleza, nikamwonyesha, nikaomba kikombe cha maji nimfanyie mbele yake. Hakutaka hata kuishika. Akasema, "Dada, wewe ulinunua kopo. Hukununua filimbi."

Nikadhani sikumsikia. Akarudia, sasa kwa sauti ili wateja wengine wasikie: "Kopo si limefunguka? Limefunguka. Basi." Halafu akaongeza kwamba mali ikishatoka dukani hairudi, na kama nataka filimbi ya kulia kwenye maji nikatafute ya meli. Kuna mzee alikuwa pembeni akamwambia, "Mwanangu, msikilize mama wa watu." Hakumsikiliza mzee wala mimi. Risiti alishaniambia siku ile mashine ni mbovu, nami nikakubali, na hapo kosa ni langu, sikudai.

Nimejaribu kumtetea yule kijana moyoni. Pengine ameajiriwa tu, pengine tajiri wake angemkata kwenye mshahara. Sawa. Lakini neno zuri halikatwi kwenye mshahara. Angesema "pole mama, mlitoka salama?" ningekwenda zangu na filimbi yangu mbovu na leo nisingekuwa naandika.

Sasa hapa ndipo ninapopata tabu na hukumu yangu, kwa sababu nilitaka niseme msinunue kopo hili kabisa, mwisho wa habari. Siwezi. Lile blanketi nililolidharau lilinisaidia usiku uleule. Walipotutoa walitupandisha kwenye baraza ya jirani mwenye nyumba ya juu, upepo unapiga, mwanangu amelowa kuanzia nywele, meno yanagongana mpaka hawezi kuongea. Nikamvua shati, nikamfuta kwa khanga ya mtu, nikamfunga lile karatasi la fedha, na khanga juu yake. Halitoi joto lenyewe, linarudisha joto la mwili wako, kwa hiyo ukimfunga mtu na nguo zake zilizolowa hutapata mengi. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameacha kutetemeka, amelala. Linachakarika kama mfuko wa chipsi na lilichanika upande mmoja, lakini lilifanya kazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kupata baridi ya hatari katika mji wa joto kama huu. Maji na upepo wa usiku vinatosha.

Basi niseme hivi: nunua ukitaka, lakini ukifika nyumbani toa kila kitu, ujaribu kimoja kimoja, tena kikiwa kimelowa. Anayekwenda porini ndoano na msumeno wa waya vitamfaa. Mimi wa Kigogo nimevitoa, nikapata nafasi. Nimeweka vidonge vya WaterGuard vya kusafishia maji ya kunywa, kimoja kinatosha ndoo ya lita 20 na unasubiri nusu saa, maana baada ya mafuriko kinachofuata ni kuhara na hofu ya kipindupindu. Pakiti za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji anywe anayeharisha. Dawa za presha za mama yangu za siku tano. Nakala za kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nimezipigisha lamineshi steshenari. Noti za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu mtandao ukikata hela ya kwenye simu ni hadithi. Namba za ndugu, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, nimeziandika kwa kalamu, maana simu ikizima nazo zinapotea. Simu ya kitochi inayokaa na chaji siku kadhaa nimeining'iniza juu ya mlango, na chini ya kitanda nimeweka mtaimbo, ule mlango hautanishinda tena.

Na filimbi. Nimenunua kwa muuza vifaa vya michezo, 6,000. Nikamweleza yaliyonikuta, akatikisa kichwa, akaniambia marefa walishazikimbia zile za punje. Akanipa isiyo na kitu chochote ndani, hewa yenyewe ndiyo inayopiga sauti kwenye vijitundu. Filimbi za aina hii, akasema, zilivuma tangu mwaka 1987 kwa sababu ya refa mmoja wa kikapu wa Kanada aliyechoka punje kumkwamia katikati ya mchezo. Nikamsikiliza kwa uchungu. Mwaka 1987! Hili tatizo limeshapatiwa dawa miaka yote hiyo, halafu mtu anachukua ile ya zamani, tena mbovu, anaitia kwenye kopo la kuokolea roho. Sikumwomba kuijaribu, yeye mwenyewe ndiye aliyeitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaitoa inachuruzika, akanipa. "Puliza, mama." Nikapuliza. Mtaa mzima uligeuka. Nikanunua mbili, moja ya bibi wa chumba cha mwisho. Ameifunga kwa uzi, anaivaa shingoni hata akienda sokoni.

Juzi nimepita tena lile duka la Kariakoo. Vikopo vipo palepale dirishani na bei sasa wanaanzia 50,000. Kulikuwa na mama mwenzangu ameshika kimoja anakigeuzageuza, ana mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Mwombe ufungue, chovya filimbi kwenye maji halafu upulize." Akamwomba. Kijana akaniangalia, akanitambua, akachukua kopo mkononi mwa yule mama, akalirudisha dirishani.