TAHADHARI: Muuza "kifurushi cha muziki wa kusubiri" aliyetuachia ukimya, wimbo wa wizi na bili ya simu

Wakuu, nawaandikia nikiwa bado na uchungu, lakini nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu ndani ya seva yetu, faili kwa faili. Kama ofisini kwenu mnatumia simu za IP, yaani zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, na amewajia mtu anayeuza kifurushi cha muziki wa kusubiri, msimpe nenosiri lolote kabla hamjasoma hapa.

Ofisi yetu ni ndogo. Mfumo wetu wa simu ni Asterisk, programu inayogeuza seva kuwa mtambo wa simu za ofisi, na juu yake tumeweka FreePBX, kurasa za kuisimamia kwa kubofya, ili hata asiye mtaalamu aweze kuusimamia. Shida tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: mteja akisubirishwa, anakutana na ukimya mtupu, anadhani simu imekatika, anaondoka. Akatokea huyu muuzaji, mwenye maneno matamu na kadi nzuri ya biashara. Akatuambia muziki wa kusubiri ni teknolojia mpya, kwamba seva yetu haiuwezi bila "moduli ya sauti", yaani kipande cha programu cha kuongezea, anayouza yeye, pamoja na ada ya kila mwezi.

Teknolojia mpya! Hataza ya muziki wa kusubiri ilitolewa Marekani mwaka 1966, kwa mwenye kiwanda mmoja aitwaye Alfred Levy. Waya uliolegea kiwandani kwake uligusa chuma cha jengo, simu zikaanza kunasa matangazo ya kituo cha redio cha jirani, na wapigaji waliokuwa wakisubiri wakawa wanasikia muziki. Tangu hapo ni jambo la kawaida kabisa. Asterisk ina uwezo huo ndani yake toka unapoisimika, na huja na muziki wake ulioruhusiwa kwa leseni ya Creative Commons. Hakuna moduli ya kununua. Laiti ningejua haya siku ile.

Tulimlipa. Akaingia kwenye seva akiwa mbali, akakaa humo kama saa moja, na kweli muziki ukalia. Ila ulilia kama mtu anayeimba akiwa amezamishwa majini. Tulipolalamika akajibu kwamba hicho ni kifurushi cha chini, ubora wa juu una bei yake. Tukalipa tena, na siku hiyohiyo sauti ikatakata. Mwezi uliofuata tulichelewesha ada kwa siku mbili na ukimya ukarudi. Hapo ndipo nilipokaa chini kuifungua seva mwenyewe.

La kwanza nililolikuta ni la ubora. Siku ya kwanza alikuwa amebadilisha kodeki ya laini zetu, yaani njia ya kufungasha sauti ili isafiri mtandaoni, kutoka G.711 kwenda G.729. G.711 hubeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde. G.729 huibana hadi kilobiti 8, na hufanya hivyo kwa kufuata namna sauti ya binadamu inavyotengenezwa kooni na mdomoni. Ukiongea utasikika vizuri tu. Ukipitisha humo gitaa na ngoma kwa pamoja, kinachotoka upande wa pili ni mikwaruzo na mawimbi. Hicho "kifurushi cha ubora wa juu" tulichomlipa kilikuwa ni kurudisha G.711 tuliyokuwa nayo kabla hajaja. Alituharibia, kisha akatuuzia kilichokuwa chetu.

La pili ni la ukimya. Kwenye faili la musiconhold.conf, au kwenye ukurasa wa muziki wa kusubiri ndani ya FreePBX, kila kundi la muziki lina namna yake ya kucheza. Namna ya kawaida ni mode=files, yaani Asterisk inasoma mafaili yaliyo kwenye folda ya seva yako. Yeye aliweka mode=custom na mstari wa application= unaoita programu ya kuvuta muziki kutoka seva yake. Muziki haukuwa kwetu hata siku moja. Akifunga bomba huko kwake, wateja wako wanasikia kimya.

Na naomba mtulie kidogo kwenye mstari huo wa application=, maana ndio unaonitisha kuliko yote. Chochote kinachoandikwa pale kinaendeshwa na seva yenyewe kama amri, kwa mamlaka ya mtumiaji anayeendesha Asterisk. Leo ni programu ya muziki. Mwenye ufunguo wa kuandika pale anaweza kesho kuandika programu nyingine yoyote, na ninyi mkaendelea kusikia muziki bila kushtuka. Ingieni kwenye konsoli ya Asterisk, sehemu ya kuandikia amri, muandike moh show classes. Itawaonyesha kila kundi, namna yake na folda yake. Mkiona mstari wa programu ambao hamkuuweka ninyi, ulizeni aliuweka nani na kwa nini.

Sasa ule ukimya wa mwanzo, uliotufanya tumtafute mtu, ulitokana na nini? Mwenzetu mmoja alikuwa ameweka faili la MP3 moja kwa moja kwenye folda, na Asterisk yetu haikuwa na moduli ya kusoma MP3. Dawa yake ni kuligeuza liwe WAV: mono, kilohezi 8, biti 16. Kwa ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili ya sauti na video, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i wimbo.mp3 -ar 8000 -ac 1 -acodec pcm_s16le wimbo.wav

Kisha hakikisha mtumiaji wa Asterisk ana ruhusa ya kulisoma faili hilo, andika moh reload kwenye konsoli, jisubirishe mwenyewe usikilize. Dakika tano. Chagueni muziki mtulivu wa ala chache, maana simu ya kawaida hupitisha takriban hezi 300 hadi 3400 tu na besi nzito haifiki.

Kama kwenu faili ni zima na bado kuna kimya, angalieni kwanza mpangilio wa kukandamiza ukimya (kutotuma sauti pale mtu anaponyamaza) kwenye simu au kwenye laini, maana huweza kuudhania muziki mlaini kuwa kelele na kuukata. Angalieni pia kipengele cha SIP ALG kwenye ruta, ambacho hugusa ujumbe wa SIP, lugha ya kuunganisha simu za IP, kwa sababu mara nyingi huvuruga anwani za sauti na kusababisha upande mmoja usisikie. Kizimeni mjaribu tena. Hayo yote hayahitaji ada ya mwezi.

Kuhusu nyimbo, alituandikia karatasi yenye muhuri akiiita "leseni ya maisha". Wimbo wenyewe ulikuwa wa msanii anayejulikana kabisa. Kununua wimbo kwa ajili ya kuusikiliza hakukupi haki ya kuuchezea wateja kwenye simu. Katika nchi nyingi hilo huhesabiwa kuwa kuucheza hadharani na huhitaji kibali cha wenye hakimiliki au chama kinachowakusanyia mirabaha. Hata kuunganisha redio kwenye simu hakukuondolei wajibu huo. Mwuzaji wa kweli atakuonyesha jina la mwenye haki na masharti ya leseni. Huyu nilipomuuliza jina la mwenye haki alikata simu.

Kisha likaja kubwa. Wikiendi moja usiku, ofisi ikiwa imefungwa, simu kadhaa za kimataifa zilitoka kwenye mfumo wetu kupitia laini ya ndani ambayo hakuna mtu ofisini anayeitumia. Nenosiri lake lilikuwa namba ileile ya laini. Siwezi kuapa kwamba ni yeye aliyepiga. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba laini hiyo iliundwa ndani ya ile saa moja aliyokuwa kwenye seva yetu, na kwamba poti 5060, mlango wa mtandao unaotumiwa na SIP, na ukurasa wa usimamizi, ambavyo kabla yake vilikuwa vimefungwa, aliviacha wazi kwa mtandao mzima. Poti hiyo ikiwa wazi, wezi wa dakika za simu huikuta haraka, maana wanazunguka intaneti wakijaribu manenosiri mepesi mchana na usiku.

Kwa hiyo mtu akiwajia na habari hii, mwambieni aweke mafaili kwenye seva yenu, si kwake. Akitaka kuingia, mtengenezeeni akaunti ya muda, kaeni naye mkiangalia anachogusa, na muifute akimaliza. Chukueni nakala rudufu ya mipangilio kabla hajaanza, ili mlinganishe baadaye. Simu za kimataifa zifungeni kama hamzihitaji. Na akikwambia nenosiri kuu libaki kwake "kwa ajili ya huduma", mwonyeshe mlango.

Sisi tumefuta ile laini, tumebadilisha manenosiri yote, tumefunga poti na muziki sasa unalia kutoka kwenye folda yetu. Kampuni inayotupa laini tumeipelekea rekodi za usiku ule, na bado tunasubiri jibu lao kuhusu bili. Kama nawe umekutana na mtu mwenye mtindo huu, hifadhi logi zako (kumbukumbu za matukio ya mfumo) kabla mfumo haujazifuta.